Msitupe bahasha ya picha ya kifua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni. Nashona sare za shule, na kazi ya sare ni kola juu ya kola. Mafundi wenzangu watanielewa: pateni ya kola ukiikata kwenye karatasi haimalizi wiki, lakini ukiikata kwenye filamu ya eksirei utaitumia miaka. Haipindi, hailowi, na chaki inafuata ukingo wake bila kuruka. Ndiyo maana wateja wanaotujua hutuletea filamu za zamani zilizolala majumbani, nasi huzipokea kwa shukrani.

Mwezi uliopita mama mmoja ninayemshonea watoto wake alinijia na bahasha ya kaki yenye filamu tatu kubwa. "Fundi, hizi ni za baba. Alipigwa picha mwezi wa nne alipoanguka bafuni. Mbavu zimeshapona, nikasema nikuletee." Nilizichomoa nikaziinua kuelekea mwanga wa mlangoni, kama ninavyofanya siku zote kutafuta pale palipo peusi pasipo na maandishi. Sikuona kitu, mimi si daktari. Lakini ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne, na mikunjo yake ilikuwa mikali kama ya siku ya kwanza. Hakuna aliyeifungua. Nikahisi miguu imeniishia nguvu. Nilimrudishia vyote nikamwambia: "Mama, usimpe mtu hii. Kesho mchukue mzee na karatasi hii mwende kwa daktari, awasomee mstari kwa mstari mpaka wa mwisho." Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Ikabidi nisimamishe cherehani nimsimulie habari za kaka yangu.

Kaka ni mtoto wa tatu kwetu, mimi ni wa tano. Kwetu ni Kibosho. Mwaka 1991 alitoka kihambani akaenda Mererani kama vijana wengi wa wakati ule, akawa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, kwa miaka kumi na mmoja. Anayeyajua machimbo ya tanzanite ya siku zile hahitaji kusimuliwa. Mwamba ulichorongwa mkavu, baruti ikalipuliwa, na watu wakashuka tena kabla vumbi halijatulia kwa kuwa mwenye shimo alikuwa juu anasubiri. Kinga yao ilikuwa kitambaa kilichofungwa puani. Huko huko ndiko alikojifunza sigara, na aliporudi nyumbani alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku.

Agosti 2021 bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye kokoto, akarushwa mtaroni. Alipelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sikuandika ili kumchongea mtu na ninaamini jambo hili lingeweza kutokea popote. Walimpiga CT, ile eksirei ya mashine inayotoa picha nyingi ndogo ndogo za mwili kipande kwa kipande, ya kichwa na kifua. Kichwa kilikuwa salama, mbavu mbili zilikuwa zimepasuka. Akalazwa siku tatu, akapewa dawa za maumivu, tukaambiwa mbavu hazifungwi plasta, zitajiunga zenyewe. Zikajiunga kweli. Bahasha ya picha ilibaki kwangu kwa sababu alifikia kwangu mjini kabla ya kupanda kwake. Niliiweka chini ya meza ya kukatia, kwenye boksi la vipande vya vitambaa, na nakiri mbele ya wasomaji wako kwamba niliiweka pale nikiwa na nia ya kuja kuikata kola. Sikuikata kwa sababu moja tu: pateni yangu ya zamani ilikuwa bado nzima.

Machi 2022 kaka alianza kukohoa asubuhi. Katika mkoa wetu kikohozi cha mtu aliyewahi kuingia mgodini kina jina moja. Tuna hospitali ya Kibong'oto kule Siha inayotibu kifua kikuu tangu 1926. Sisi watu wa Kilimanjaro na Arusha tumekua tukisikia habari za TB kuliko habari za malaria ya bondeni. Makohozi yake yalipimwa kwa mashine mara mbili, hayakuonyesha vimelea. Hata hivyo, kwa historia ya mgodini na kwa madoa ya kwenye eksirei, aliamuliwa aanze dawa. Alizimeza miezi sita yote mpaka mwisho. Mke wake alikuwa akimsimamia na kikombe cha uji mkononi. Oktoba akamaliza, na kikohozi kikawa pale pale. Hakukonda, hakutema damu, hakupata homa za usiku. Ni kikohozi tu.

Ndipo tukampata daktari mmoja kijana, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alimsikiliza kaka kifua kwa muda mrefu, akaagiza CT nyingine, na majibu yalipotoka alitugeukia akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Aliwahi kupigwa picha ya kifua zamani, hata kwa ajili ya kitu kingine?" Kaka akasema hapana. Alikuwa amesahau kabisa ile ajali. Mimi ndiye niliyekumbuka. Nilipanda bajaji mpaka kibandani, nikapekua boksi, na bahasha ilikuwa chini kabisa imekandamizwa na mabaki ya kitambaa cha kaki cha kaptula.

Nitaeleza kilichotokea pale, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Daktari alichomeka filamu ya 2021 kwenye kisanduku cha taa upande wa kushoto, ya 2022 upande wa kulia. Akahesabu vile vipicha vidogo vidogo mpaka akapata viwili vinavyolingana, akaweka ncha ya kalamu juu ya kimoja, kisha juu ya kingine. Sehemu ya juu ya pafu la kulia palikuwa na doa jeupe lenye kingo kama za mbegu ya mbaazi mwitu, zenye vinywelea. Halafu akafungua ile karatasi iliyokuwa imekaa kwangu mwaka mzima na zaidi. Alisoma kimya. Alipofika mwisho aliiweka mezani taratibu akatuuliza, "Mama, hii mlisomewa?"

Mstari wa mwisho, baada ya maelezo yote ya mbavu, ulisema kuna kivimbe cha milimita 9 kwenye pafu, kingo zake si nyororo, na inashauriwa CT irudiwe baada ya miezi 3. Kile cha 2022 kilikuwa milimita 15.

Mimi tepu haishuki shingoni mwangu. Niliivuta nikatazama. Milimita 9 ni kile kifungo kidogo kinachoshika ncha za kola ya shati. Milimita 15 ni kifungo cha mkono wa koti. Nikamwambia daktari, mwanangu, hizo ni milimita sita tu, tena katika miezi kumi na minne. Hakunicheka. Alisema: "Mama, wewe unapima kitambaa, kina urefu na upana. Hiki kina unene pia. Kinakua pande zote kwa pamoja." Akachukua karatasi akapiga hesabu mbele yetu: 9 mara 9 mara 9, halafu 15 mara 15 mara 15. Kile kivimbe kilikuwa kimekuwa kikubwa zaidi ya mara nne. Akatueleza kwamba kivimbe kikiongezeka upana kwa robo tu, yaani kutoka milimita 8 kufika 10, ujazo wake umeshakuwa karibu mara mbili, na jicho la mtu haliwezi kuona hilo bila picha mbili kuwekwa sambamba. Kovu la TB ya zamani halikui hivyo. Kidonda cha nimonia hubadilika kwa siku au wiki chache, kikazidi au kikaisha. Kinachojiongeza maradufu polepole, kila baada ya miezi kadhaa, ndicho cha kuogopwa.

Akasema na neno jingine ambalo sikulitegemea. Kikohozi cha kaka huenda hakikutoka kwenye kile kivimbe hata kidogo. Huenda ni vumbi la mgodini na sigara. Kivimbe kidogo ndani ya pafu mara nyingi hakiumi wala hakileti kikohozi. Mtu anakaa nacho, analima, anacheza na wajukuu, hana habari. Kinapoanza kujitangaza kwa damu, kukonda au maumivu ya mifupa, mara nyingi kimeshahama. Ndiyo maana vingi vya aina hii hugunduliwa kwa bahati, kwenye picha iliyopigwa kwa sababu ya kitu kingine: mbavu, moyo, ajali. Na bahati hiyo sisi tuliishikilia mikononi miezi kumi na minne bila kujua.

Sitaki mtu asome barua hii akimbie kununua sanda. Vivimbe vingi kwenye mapafu si kansa. Binti yangu anayesoma uuguzi alinitafutia habari za utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, matokeo yake yakatolewa 2011. Watu zaidi ya 53,000 waliokuwa wavutaji wakubwa wa sigara waligawanywa, wengine wakapigwa CT ya mionzi midogo kila mwaka kwa miaka mitatu, wengine eksirei ya kawaida. Katika kila picha 100 za CT zilizoonyesha kitu cha kutiliwa shaka, 96 hazikuwa kansa. Huko ni Marekani. Hapa kwetu ambako TB imeacha makovu kwenye vifua vya watu wengi, vivimbe visivyo na madhara havikosekani. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba vifo vya kansa ya mapafu kwa waliopigwa CT vilipungua kwa asilimia 20. Mambo yote mawili ni ya kweli. Kidogo chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na hatari kubwa, mara nyingi madaktari hukiacha. Cha 6 hadi 8 kinapangiwa tarehe ya kurudi. Kinachozidi 8 kinatakiwa kufuatwa mapema, kwa picha nyingine baada ya miezi 3 au kwa vipimo vya ndani zaidi. Cha kaka kilikuwa 9. Aliyeandika ile ripoti alifanya kazi yake sawasawa. Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa. Uliishia ndani ya bahasha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio na nitayapitia haraka. Walimchoma sindano ndefu kupitia mgongoni huku wakiangalia kwa CT, wakatoa kinyama. Hewa kidogo ilivuja kati ya pafu na ubavu, jambo ambalo walikuwa wametuonya mapema kwamba hutokea, akalala usiku mmoja chini ya uangalizi na asubuhi ikawa imepungua yenyewe. Majibu yalichukua wiki mbili na nusu. Ilikuwa kansa. Wakampiga picha za tumbo na kichwa kuona kama imesambaa, hawakuona kitu. Akapuliza kwenye mashine ya kupima nguvu ya mapafu, akapandishwa ngazi ghorofa mbili huku nesi anamhesabia mapigo. Na akaambiwa sigara mwisho leo, kwa sababu anayevuta mpaka siku ya kisu hupata shida ya kupumua baada ya upasuaji. Aliitoa pakiti mfukoni akampa daktari. Nilimwona kwa macho yangu.

Tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Hapo ndipo vita vya ukoo vilipoanza.

Wazee wawili na shangazi yetu walikuja wakakaa sebuleni kwangu mpaka saa tano usiku. Hoja ilikuwa moja, nanyi mmeisikia: kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Walitaja majirani, fulani alipasuliwa akafa baada ya mwezi, fulani vivyo hivyo. Waliyoyaona waliyaona kweli. Ila daktari wa upasuaji alinieleza baadaye kwamba wale walipasuliwa ugonjwa ukiwa umeshatapakaa, na kisu kikabebeshwa lawama ya kuchelewa. Kivimbe kidogo kisichofika kwenye tezi, dawa yake ya kwanza duniani kote ni kukitoa. Shangazi alitaka tujaribu mizizi kwanza kwa miezi mitatu. Nikamwambia, shikamoo shangazi, nakuheshimu, lakini miezi mitatu tulishaambiwa mara moja tukaipoteza. Alilia. Mimi pia.

Fedha sitazielezea sana. Bima ilibeba sehemu, VICOBA yetu ikanikopesha, ng'ombe wa kaka akauzwa, na kanisani walipitisha kapu. Kama asingekuwa na bima sijui tungefanya nini.

Upasuaji ulifanyika Januari 2023. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Kaka alitolewa sehemu nzima ya juu ya kulia, pamoja na tezi za katikati ya kifua zilizokwenda kupimwa. Nilikuwa nimesikia kwa binti yangu kwamba siku hizi wanaweza kukata kipande kidogo tu, nikamuuliza daktari. Akanijibu vizuri, bila kuonyesha kuchoka. Ni kweli, tafiti za Japani za 2022 na za Marekani za 2023 zimeonyesha kwamba kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 ulio pembezoni, kukata kipande kidogo kunaweza kutosha. Ila cha kaka kilikuwa kimekaa ndani, karibu na mrija mkubwa wa hewa, na ingekuwa hatari kubakiza mzizi. Kwa mgonjwa ambaye moyo au mapafu hayahimili upasuaji, alisema, ipo mionzi ya kulenga, inayopigwa kwa nguvu mahali padogo kwa siku chache.

Kilichonibaki machoni ni ile chupa. Aliporudishwa wodini alikuwa na mpira uliotoka ubavuni ukaingia kwenye chupa yenye maji sakafuni. Kila akikohoa, mapovu yalipanda kwenye maji. Nesi alinieleza kwamba yale mapovu ni hewa inayovuja kutoka kwenye pafu lililoshonwa. Yakikoma, pafu limeziba. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiyahesabu. Siku ya kwanza nilishindwa kuhesabu. Siku ya pili yalikuwa yakija matatu, manne kwa kila kikohozi. Siku ya tatu, moja moja. Siku ya nne asubuhi akakohoa, nikainama sakafuni na kanga yangu, maji yakatikisika tu. Akakohoa tena, hakuna. Nilipiga magoti pale pale. Mshono wenyewe niliutazama walipobadilisha bandeji, umeanzia chini ya bega ukazunguka chini ya kwapa, na mimi ninayeshona kwa riziki nasema aliyeushona ule ana mkono.

Walimfundisha kukohoa akiwa amekumbatia mto ubavuni ili kisiume. Mito ya wodini ilikuwa mikubwa, nikamshonea mdogo kwa mabaki ya kitambaa cha bluu cha sketi. Mpaka leo uko kitandani kwake.

Majibu ya kinyama yalikuja mwezi wa pili: uvimbe wa sentimita 1.6, tezi zote safi. Hatua ya kwanza. Hakuhitaji dawa za kansa za kuchoma mshipani. Kwa rekodi za kimataifa, waliokutwa katika hatua kama yake, kati ya 100 zaidi ya 80 wako hai baada ya miaka 5. Waliokutwa kansa ya mapafu imeshafika kwenye ini au mifupa, wanaofika miaka hiyo ni 10 au chini ya hapo. Namba hizo ziliniumiza nilipozisikia, kwa sababu niliona jinsi ile bahasha ilivyosimama katikati yake. Angekohoa mwaka mwingine mmoja akinywa dawa za kifua tusingekuwa tunazungumza habari ya hatua ya kwanza.

Sasa, Ndugu Mhariri, ombi langu kwa wanaosimamia hospitali zetu. Mgonjwa wa TB akikosa kufika kuchukua dawa wiki hii, anapigiwa simu. Asipopokea, mhudumu wa afya wa mtaa anamfuata mpaka nyumbani. Kaka mwenyewe alifuatwa mara moja alipochelewa siku mbili kwa sababu ya msiba. Jina lake lilikuwa kwenye rejista, tarehe yake ilikuwa kwenye rejista, na kuna mtu aliyeulizwa kama hakuja. Kwa hiyo kazi hii tunaiweza. Kwa nini mtu aliyeandikiwa arudi baada ya miezi 3 kwa kivimbe cha pafu hana daftari lake? Hahitajiki mtambo mpya. Ni rejista moja, kalamu na simu. Na kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, ripoti ya picha isomwe mpaka mstari wa mwisho, kwa Kiswahili, mbele yake na ndugu yake, na ile tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari lake la kliniki kwa tarakimu kubwa. Daktari wa ajali anatafuta damu na mifupa, namwelewa, usiku wodi imejaa. Ndiyo maana nasema isiachwe kwa kumbukumbu ya mtu mmoja aliyechoka.

Kwa wasomaji wenzangu, na hasa nyinyi mliowahi kushuka Mererani mkiwa vijana na sasa mna miaka hamsini, sitini, mkiwa Arusha, Moshi, Boma Ng'ombe au popote. Vumbi la mwamba lina silika, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilishatangaza 1997 kwamba vumbi hilo husababisha saratani ya mapafu. Ukiongeza sigara, hatari inazidi. Sisemi kila mmoja akapigwe CT kesho. Nasema mkipigwa picha ya kifua kwa sababu yoyote, ulizeni swali hili kabla hamjanyanyuka kwenye kiti: "Kuna kitu kingine kimeonekana?" Na mkitibiwa TB bila vimelea kuonekana, mkamaliza dawa na kikohozi kikabaki, rudini mkaulize upya. Akina mama mliopika mbege kwa kuni maisha yenu yote kwenye majiko yasiyo na dirisha, nanyi msidhani kansa ya mapafu ni ya wavuta sigara peke yao. Mama yetu alikuwa mmoja wenu.

Filamu na ripoti zitunzeni. Siku hizi hospitali nyingine hazitoi filamu, zinabaki kwenye kompyuta. Basi ombeni nakala kwenye CD, au angalau karatasi ya ripoti, mwandike nyuma tarehe na jina la hospitali. Ya kaka inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake ndani ya mfuko wa nailoni, nne sasa, kila moja na tarehe yake. Daktari huzipanga zote kwenye taa kila akienda. Ya mwisho ilikuwa safi. Nyingine ni Machi.

Yule mama mteja wangu alirudi Jumamosi kuchukua sketi. Waliisoma ripoti ya baba yake. Kuna kivimbe, milimita 7, na mzee amepangiwa CT mwezi wa kumi. Daktari amemwambia huenda ni kovu. Bahasha ameifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Filamu nilizokuwa nazo kibandani nilizipitia zote usiku ule. Nne zilikuwa na majina ya watu ambao bado nawajua, nikawapelekea makwao. Kola nakatia katoni.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi